"Nyumba kupanga Dodoma" au "nyumba za kupanga Dodoma"?

SWALI: Naandika matangazo ya mtandaoni ya dalali mmoja wa nyumba hapa Dodoma. Bosi anataka niandike "nyumba kupanga Dodoma", bila "za", na nirudie maneno hayo hayo karibu kila sentensi. Anasema Google inahesabu maneno tu, hiyo "za" inaivuruga. Mimi naona Kiswahili kinaharibika. Pia tunabishana: ni nyumba za kupanga au za kupangisha?

JIBU: Andika "nyumba za kupanga Dodoma". Hiyo "za" ni a-unganifu, yaani neno dogo la kuunganisha, iliyokubaliana na "nyumba", na ndiyo inayomwambia msomaji kwamba kupanga ndiyo shughuli ya nyumba hizo. "Nyumba kupanga" hasemi mtu yeyote, hata dalali mwenyewe akiwa kijiweni. Mtu anayetafuta kwa simu anaweza kuandika kwa mkato kwa sababu ana haraka. Tangazo lakini ni maandishi ya kusomwa, na anayelisoma ndiye mteja.

Bosi wako hakulizua jambo hili. Kuna wakati lilikuwa na ukweli. Katika miaka ya 1990, injini za utafutaji kama AltaVista, iliyoanza 1995, zilitegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe. Wenye tovuti walipolitambua hilo wakaanza kurundika neno moja mara mamia, wengine wakiliandika kwa rangi ile ile ya ukurasa ili injini ilione na msomaji asilione. Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford, wakaja na hesabu ya PageRank: ukurasa upimwe kwa viungo (linki) vinavyouelekea kutoka kurasa nyingine, na kiungo cha ukurasa wenye hadhi kiwe na uzito zaidi. Kwa hesabu hiyo Google ikaanzishwa 1998. Nayo ikachezewa, watu wakauziana viungo. Ndipo Google ikabadilisha hesabu zake: Februari 2011 kwa badiliko lililoitwa Panda, lililoshusha kurasa zenye maandishi hafifu, na Aprili 2012 kwa lililoitwa Penguin, lililowalenga wenye viungo vya hila na warundikaji wa maneno. Hadi leo urundikaji wa maneno umetajwa waziwazi katika sera za Google dhidi ya taka za mtandaoni (spam). Kwa hiyo anachokuagiza bosi kinaweza kuwashusha.

Mabadiliko yanayotugusa zaidi sisi watu wa lugha yalikuja baadaye. Mwaka 2013 mfumo mpya wa Google, Hummingbird, ulianza kulitazama swali zima badala ya neno mojamoja. Oktoba 2019 ikaingia BERT, programu ya Google ya kuelewa lugha, inayosoma neno kwa kuangalia maneno yaliyo kabla na baada yake. Google yenyewe ilitoa mfano wa swali kuhusu msafiri wa Brazil anayekwenda Marekani, kama anahitaji viza. Zamani matokeo yalileta habari za Wamarekani wanaokwenda Brazil, kwa kuwa kihusishi kidogo kilichoonyesha nani anaelekea wapi hakikupewa uzito. Desemba mwaka huo huo BERT ikapelekwa kwenye lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Maneno madogo aliyoyaona bosi wako kuwa ya kuvuruga ndiyo sasa yanayosaidia.

Na katika Kiswahili, jambo hilo la nani anamfanyia nani nini mara nyingi limo ndani ya kitenzi chenyewe. Hapo ndipo ubishi wenu wa pili unapoingia. Mpangaji anapanga nyumba. Mwenye nyumba anapangisha. Hiyo -ish- ni kauli ya kutendesha, na inageuza kabisa nani anatoa kodi na nani anaipokea. Anayesema "natafuta nyumba ya kupanga" anataka pa kuishi. Anayesema "nina nyumba ya kupangisha" anatafuta mpangaji. Kukodi na kukodisha ni vivyo hivyo, ingawa wengi, hasa Kenya, huandika "nyumba ya kukodisha" wakizungumza na mteja. Mtazamo hapo ni wa mwenye mali, na si kosa. Ila tangazo lako linamlenga anayetafuta, kwa hiyo kwenye kichwa tumia neno lake yeye: za kupanga.

"Kupanga" lina kazi nyingine pia: tunapanga vitabu, tunapanga safari, tunapanga uzazi. Ukilirudia mara ishirini halijieleweshi zaidi. Likizungukwa na "kodi", "mwenye nyumba", "mpangaji" na "mkataba", maana yake haina shaka, kwa mtu wala kwa mashine. Nyie Dodoma mna mfano mzuri kuliko wote. "Nyumba za kisasa Dodoma" ni nyumba za mtindo mpya. "Nyumba za kupanga Kisasa, Dodoma" ni nyumba zilizo eneo la Kisasa. Anayetafuta kwa simu haweki herufi kubwa, kwa hiyo kinachotenganisha maana hizo mbili ni sarufi inayozunguka neno. Ondoa maneno madogo kama "za", na umeondoa kitu pekee kinachosaidia. Nalisisitiza hili kwa sababu Kiswahili hakina maandishi mengi mtandaoni kama Kiingereza, na mifumo hii hujifunza lugha kutokana na tunachokiandika.

Hii haimaanishi usahau neno la mteja. Liweke kwenye kichwa, na mara moja mapema ndani ya tangazo kama sentensi inaruhusu. Kisha andika kama unavyomweleza mtu. Mimi ningeweka kichwa hiki: "Nyumba za kupanga Kisasa, Dodoma". Halafu: "Nyumba ya vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani inapangishwa Kisasa. Ina luku yake, na kodi hulipwa kwa miezi mitatu au sita." Kitenzi "inapangishwa" kiko sawa hapo, kwa kuwa kiima ni nyumba yenyewe, na anayepangisha ni mwenye nyumba.