Nelion au Batian: tupande njia ipi Januari?

SWALI: Mimi na rafiki yangu tumefika mara mbili Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya kinachofikiwa kwa miguu bila kamba. Wikendi nyingi tunapanda miamba ya Lukenya, na Hell's Gate tumeshatangulia na kamba kwenye njia za daraja la 5 la Kifaransa (kipimo cha ugumu wa njia za mwamba). Tuna likizo kuanzia Krismasi hadi katikati ya Januari, na safari hii tunataka kimojawapo cha vilele viwili vya mwamba vya Mlima Kenya, Batian au Nelion. Tumesoma kwamba njia ya kawaida ya Uso wa Kaskazini wa Batian ni daraja la IV+ tu. Tuipande? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Kwa tarehe hizo, hapana. Pandeni Nelion kwa Uso wa Kusini-Mashariki, Batian ingojee Agosti.

Kinachoamua hapa ni jua. Mlima Kenya uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo kuanzia Juni hadi Septemba jua huupiga upande wa kaskazini na kuukausha, huku upande wa kusini ukishika barafu. Desemba mpaka mapema Machi mambo hugeuka. Ile IV+ mliyoisoma imepimwa mwamba ukiwa mkavu. Januari nyufa ambazo mngeingiza vidole zinaweza kuwa zimejaa barafu, na viatu vyenu laini vya kupandia havitakuwa na kazi.

Halafu hiyo namba yenyewe isiwadanganye. Daraja linataja mahali pagumu kuliko pote, halikuambii safari ni ndefu kiasi gani. Njia ya Nelion, waliyoifungua Eric Shipton na Percy Wyn-Harris mwaka 1929, karibu yote ni daraja la III na la IV. Mtu wa Hell's Gate akiiangalia kipande kimoja kimoja, yaani urefu wa kamba kutoka kituo hadi kituo, ataicheka. Lakini vipande hivyo ni kama 18, juu ya mita 4,800, mkiwa na mizigo mgongoni. Njia ya Batian ni ndefu zaidi.

Pigeni hesabu. Mkianza saa kumi na mbili asubuhi, na kila kipande kiwachukue nyote wawili dakika 25 pamoja na kukabidhiana vifaa, mtakuwa kileleni saa saba na nusu mchana. Kushuka kwa kamba wekeni muda wa saa nne hadi tano. Hapo mnagusa ardhi giza linaingia, maana kwetu mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, hakuna zile jioni ndefu za kiangazi wanazozitegemea wapandaji wa Alps. Mkitumia nusu saa kwa kipande, mnafika saa tisa alasiri, ukungu umeshapanda, na mtashuka usiku. Kwa hiyo jipimeni Lukenya kabla ya Desemba: chagueni njia rahisi, vaeni buti za mlimani, bebeni mikoba, mpande vipande kumi mfululizo huku saa ikihesabu. Mkizidi dakika 25 kwa wastani, pangeni kulala kwenye Howell Hut, kibanda kidogo kilichojengwa juu kabisa ya Nelion mwaka 1970, na mbebe mifuko ya kulalia. Mzigo huo nao utawapunguzia mwendo, kwa hiyo mjipime mkiwa nao.

Faida kubwa ya Nelion, kwa maoni yangu, ni njia ya kushukia. Mnateremka palepale mlipopandia, kwenye vituo vya kamba vyenye bolti. Mnapopanda, kila kituo kikariri: kiko kushoto au kulia, kipo juu ya nini. Ukungu ukifunga hamtaona kinachofuata. Batian ni habari nyingine. Baadhi ya wapandaji hushuka uso uleule wa kaskazini, wengine huvuka Gate of the Mists, pengo lililo kati ya vilele hivyo viwili, hadi Nelion na kuteremkia kusini-mashariki. Mkiijua Nelion sasa na Agosti mkavuka hivyo, mtakuwa mnashuka njia mnayoifahamu.

Mtaniambia Nelion ni mita 5,188 na Batian ni 5,199. Ndiyo, mtapungukiwa mita 11. Msivuke siku hiyohiyo kuzifuata. Mkiwa juu ya Nelion Batian itaonekana ya kuguswa kwa mkono, ila kwenda na kurudi hula saa nyingi, na katikati kuna barafu.

Lenana mlizofika zamani hazihesabiki mwilini; hewa nyembamba ya juu itabidi muizoee upya. Laleni usiku mbili Mackinder's Camp, kisha Austrian Hut kwenye mita 4,790, na siku ya kwanza huko pandeni Lenana tu. Atakayeumwa kichwa kisichosikia dawa ashuke, si apumzike palepale. Mchana wa kuamkia safari, nendeni mkaangalie mnavyofika chini ya mwamba. Barafu ya Lewis, iliyo chini ya mwamba huo, imepungua sana, na ramani za zamani zinaonyesha uwanja mweupe mahali ambapo leo mtakuta mawe yanayoteleza na vipande vya barafu ngumu. Hapo si mahali pa kupakuta mara ya kwanza gizani alfajiri.

Mkichukua mwongozaji, jambo ninalowashauri kwa mara ya kwanza, mwulizeni waziwazi kama anapanda mwamba kwa kamba, kwani wengi wanaoongoza wageni Lenana hawafanyi kazi hiyo. Bebeni kamba mbili za mita 50, nati za ukubwa mbalimbali na kamu chache (vyuma vya kubana kwenye nyufa ili kushika kamba). Helmeti vaeni tangu chini, kwa sababu mawe huanguka hata kabla hamjajifunga kamba.