Zermatt kwa asiyeteleza kwenye theluji

Mkuu, umeuliza utafanya nini Zermatt, kijiji cha milimani Uswisi, wenzako wakienda kuteleza. Utakula! Anzia Bahnhofstrasse, mtaa wa maduka unaoanzia stesheni. Saa za mkononi za bei mbaya zitazame dirishani tu, labda kama mfuko umenona. Magari ya petroli hayaruhusiwi, ila teksi za umeme huja kimyakimya, kwa hiyo tupia jicho nyuma. Tafuta raclette: jibini la jimbo lao, Valais, huyeyushwa na kukwanguliwa juu ya viazi vya kuchemsha, pembeni achari ya matango madogo. Fondue, yaani jibini la kuyeyushwa la kuchovya mkate, wasubiri wenzako, sufuria ile ni ya kuchangia. Mchana mikahawa itakukamua. Nunua mkate, jibini na nyama kavu supamaketi, ule ukizunguka Hinterdorf, sehemu ya zamani ya kijiji, kwenye maghala ya kale ya mbao, yaliyoinuliwa juu ya mawe bapa kuzuia panya.