Sindano za plazma yenye chembe sahani: maswali ya wasomaji

Nitatolewa damu mkononi, kisha niichomwe gotini. Damu ile ile itanisaidia nini?

Hairudi kama ilivyotoka. Hutolewa mililita 15 hadi 60, ikachanganywa papo hapo na dawa ya kuzuia kuganda, mara nyingi sitreti, kisha ikazungushwa kwa kasi kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha sehemu za damu. Chembe nyekundu, ambazo ni nzito, hutua chini. Plazma, yaani majimaji ya njano ya damu, hubaki juu, na katikati hukaa utando mwembamba wenye seli nyeupe. Kutoka hapo juu huvunwa mililita 3 hadi 6 zenye chembe sahani nyingi. Ndizo zinazoziba jeraha ukijikata, na zikiamka hutoa protini zinazoita seli za kujenga tishu.

Mambo huharibika mapema. Kijichupa kisipopinduliwa taratibu mara kadhaa baada ya damu kuingia, mabonge huganda na kunasa chembe sahani. Kikizungushwa kwa kasi isiyofaa, chembe hizo huzama pamoja na nyekundu.

Nitajuaje kuwa nimepewa plazma ya maana?

Rangi haitoshi. Omba hesabu. Damu ya mtu mzima huwa na chembe sahani 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita, na matayarisho mengi hulenga mara 3 hadi 5 ya kiwango chako. Kwa hiyo mwenye 150,000 na mwenye 400,000 hawapati dozi moja hata mashine ikiwa ile ile. Uliza pia kama seli nyeupe zimeondolewa: kwa goti wengi hupendelea ziwe chache, maana huchochea uvimbe. Plazma yenye wekundu ndani ya kiungo ni kazi ya ovyo. Chembe nyekundu huchokoza utando wake. Mtoa huduma asiyeweza kujibu haya anauza kijichupa tu.

Goti langu limesagika. Gegedu litaota upya?

Usitegemee hilo. Jaribio la Australia lililochapishwa 2021 liliwachukua watu 288 wenye goti lililosagika kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, wakachomwa sindano 3, moja kila wiki. Wengine walichomwa maji ya chumvi. Baada ya miezi 12, maumivu na ujazo wa gegedu havikutofautiana kwa kiasi cha maana. Yapo majaribio madogo yaliyoonyesha nafuu, na watetezi wanasema dozi ya Australia ilikuwa hafifu. Hata hivyo, kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito uliozidi vina ushahidi imara zaidi, na ndivyo vianze.

Je, kwa kano za kisigino au kiwiko?

Kisigino: hapana. Uingereza walijaribu kwa watu 240 (2021), na sindano moja haikushinda sindano ya kuigiza, isiyo na plazma, baada ya miezi 6. Msuli wa nyuma ya paja uliochanika: jaribio la Uholanzi la 2014 halikuona wachezaji wakirudi uwanjani mapema zaidi. Kiwiko kinachouma kwa miezi mingi ndicho chenye hoja kidogo. Huko sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza ndani ya wiki chache kisha maumivu mara nyingi hurudi, ilhali plazma huchelewa lakini nafuu yake imeonekana kudumu zaidi ya steroidi. Ikilinganishwa na sindano ya kuigiza, ubora wake haujathibitika. Kwa kano, sindano iongozwe na ultrasaundi. Plazma nzuri ikimwagwa pembeni haina faida.

Niache dawa zangu?

Ibuprofeni na diklofenaki hudhoofisha chembe sahani. Kwa kawaida huachwa wiki 1 kabla na wiki 2 baada. Parasetamoli inaruhusiwa. Aspirini ya moyo au dawa ya kuyeyusha damu usiiguse bila daktari aliyekuandikia. Ganzi nayo isichanganywe na plazma kwenye bomba moja.

Siku ya pili maumivu yamezidi. Ni kawaida?

Ndiyo, siku 2 au 3, wakati mwingine hadi wiki. Pumzisha kiungo, kisha anza kukisogeza bila mzigo. Uzito wa mazoezi uongezwe polepole kuanzia wiki ya pili au ya tatu, na matokeo yapimwe wiki ya 6 hadi 12. Lakini homa, au kiungo chekundu, cha moto, kilichovimba na kisichokunjika, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Kiungo kinachoweza kuwa na usaha hakisubiri miadi.

Ninaweza kuambukizwa VVU?

Si kwa damu yako mwenyewe. Hatari ni vifaa vilivyorudiwa au vijichupa vilivyochanganywa. Mwaka 2018 saluni ya urembo huko Albuquerque, Marekani, iliyokuwa ikiwatoboa wateja usoni kwa visindano na kuwapaka plazma ilifungwa, na uchunguzi ukawahusisha baadhi yao na maambukizi ya VVU. Jina lako liandikwe kwenye kijichupa mbele yako, na sindano ifunguliwe ukiona.

Nani asichomwe?

Mwenye chembe sahani chache, saratani ya damu, maambukizi mwilini au kidonda mahali pa kuchoma.