Hip-hop ya majaribio: nani alimbadilisha nani, na wewe utaihakiki vipi?

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya kubonyeza kitufe cha kucheza. Albamu imetoka Ijumaa, mwandishi anakimbilia mtandaoni kuona wahakiki wa London na Berlin wamesema nini, anakutana na "ukali", "ghasia" na "kelele", kisha anaisikiliza akizitafuta kelele hizo hizo. Akimaliza ameandika muhtasari wa masikio ya watu wengine. Funga kurasa hizo. Utazirudia ukishapata lako la kusema, na hapo zitakufaa kweli.

Tunazungumzia hip-hop ya majaribio inayozaliwa na ushirikiano wa maprodyuza (watengeneza biti) na marapa, kazi za aina ya albamu ya Tewari (2021) ya Scotch Rolex, Mjapani mwenye makao Berlin, aliyoifanya na MC Yallah, Lord Spikeheart, Swordman Kitala, Chrisman na Don Zilla, ikatolewa na lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala. Au Yallah Beibe (2023), ambamo MC Yallah, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Uganda, anarap juu ya biti za Debmaster, Scotch Rolex na Chrisman. Wala si jambo geni hapa Nairobi: mradi wa BLNRB, uliosimamiwa na Taasisi ya Goethe, ulikuwa umeshawakutanisha Gebrüder Teichmann, Jahcoozi na Modeselektor wa Berlin na wasanii wa hapa wakiwemo Ukoo Flani, Nazizi na Just A Band, na albamu yake ikatoka kupitia Outhere Records. Katika kazi kama hizi, swali la kama ni nzuri au mbaya huja mwisho. La kwanza ni nani alimbadilisha nani.

Anza na majina ya waliohusika. Kwenye Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, huwa yameandikwa chini ya orodha ya nyimbo. Kwenye Spotify bonyeza nukta tatu kando ya wimbo utafute sehemu ya waliohusika, ingawa mara nyingi haijakamilika. Andika kwa kila wimbo: biti ya nani, sauti ya nani, nani alifanya miksi (kuchanganya na kusawazisha sauti zote), nani alifanya mastaringi (kuing'arisha mara ya mwisho kabla haijatoka). Aliyefanya miksi asisahaulike. Katika muziki huu yeye ndiye anayeamua kama sauti ya rapa itakaa mbele ya ngoma au itazamishwa ndani yake, na wahakiki wengi humpa prodyuza sifa au lawama ambazo si zake.

Kisha jaribu kutambua ushirikiano ulifanyikaje. Kuna njia tatu za kawaida. Wanakaa studio moja wakajenga pamoja. Prodyuza anatuma biti iliyokamilika na rapa anarekodi juu yake. Au sauti inarekodiwa kwanza, halafu biti inajengwa upya kuizunguka. Kila njia huacha alama. Sikiliza mwisho wa mistari, pale rapa anapovuta pumzi. Ngoma ikinyamaza kwa nusu baa (baa ni kipande cha muziki, kwa kawaida mapigo manne) pale pale kina kinapoangukia, kuna mtu aliyeikata biti baada ya kuusikia mstari. Besi ikibadilika rapa anapobadilisha mtindo, hivyo hivyo. Lakini biti ikizunguka baa nane baada ya nane bila kujali kama kuna mtu anaongea, yaelekea ilifika ikiwa imeiva. Hilo si kasoro peke yake. Rapa hodari anaweza kuifanya biti isiyomjali isikike kama adui yake, na wimbo ukapata nguvu kutoka hapo. Kinachodorora ni pale rapa anapoifuata biti hiyo kwa utiifu, mstari kwa mstari, hadi unajiuliza kwa nini walihitajiana.

Hizo ni dalili tu, usiziandike kama ukweli. Watumie wasanii au lebo barua pepe yenye maswali matatu mafupi: nani alianza, sauti au biti? Biti ilibadilishwa baada ya sauti kurekodiwa? Mlirekodi wapi? Maswali kumi hayajibiwi.

Sasa vifaa. Spika ya simu haiwezi kutoa besi ya chini. Chini ya takriban Hz 200 (mitetemo 200 kwa sekunde) sauti hudhoofika haraka, na muziki huu huweka nusu ya maana yake huko. Spika ndogo ya Bluetooth nayo mara nyingi huunganisha upande wa kushoto na wa kulia kuwa kitu kimoja, kwa hiyo sauti zilizotandazwa pembeni hupungua na nyingine hupotea kabisa. Ukiandika kwamba wimbo "umepwaya" baada ya kusikiliza hivyo, umehakiki spika. Vaa hedifoni za waya za kufunika masikio, hata za bei ya kawaida, halafu rudia kwenye spika kubwa. Matatu yenye muziki mzito ni burudani, lakini mfumo wake umepandishwa besi mno na utakudanganya upande wa pili.

Jambo ambalo wengi hawalijui: programu za kutiririsha muziki husawazisha ukubwa wa sauti. Spotify kwa kawaida hulenga LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo sauti inavyokuwa kubwa). Albamu iliyosukumwa makusudi hadi LUFS -7 itashushwa desibeli 7 ili ilingane na zingine, na ghafla wimbo uliokusudiwa kukubamiza ukutani unasikika mwembamba kuliko gitaa tulivu la wimbo uliotangulia. Ingia kwenye mipangilio uzime usawazishaji huo. Hapo hapo pandisha ubora hadi kbps 320, yaani kilobiti 320 za data kwa sekunde. Albamu ya dakika 40 kwa kiwango hicho hula takriban MB 96 za bando; kwa kbps 96 ni kama MB 29 tu, lakini matoazi na mikwaruzo ya juu huanza kusikika kama maji yanayochemka. Bora upakue faili ya FLAC au WAV, aina zisizopunguza ubora wa sauti, mara moja kutoka Bandcamp uimalize bila mtandao.

Sauti ikipasuka, je, ni makusudi au hitilafu? Punguza sauti hadi nusu na ubadilishe hedifoni. Mpasuko ukitoweka, shida ilikuwa kwako. Ukibaki, sikiliza umekaa juu ya nini. Ukiwa juu ya ngoma pekee huku sauti ya mtu ni safi, mtu ameuweka hapo. Ukija kwenye kila kilele, juu ya vyombo vyote kwa pamoja, hata kwenye kibwagizo chororo, huenda faili imegonga dari, yaani sauti imezidi kiwango inachoweza kubeba. Linganisha na FLAC kabla ya kumlaumu yeyote.

Usikilizaji wenyewe: mara ya kwanza mfululizo, bila kalamu. Mara ya pili andika dakika na sekunde za kila kitu kinachokushtua. Mara ya tatu rudi kwenye nyimbo tatu au nne tu, zile utakazozitaja kwa kina. Kugusa nyimbo zote kumi na mbili kwa sentensi moja moja ni kuandika orodha ya bidhaa.

Kwenye kasi ya rapa, acha kusema "kasi ya ajabu". Hesabu. Piga mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 160, baa moja ya mapigo manne ni sekunde 1.5. Hesabu mizani za mstari kama ungefanya kwenye shairi: zikiwa 12 ndani ya baa hiyo, rapa anatamka mizani 8 kwa sekunde, na hiyo ni kasi kweli. Angalia pia mtego ulio hapa. Biti ya 160 inaweza kubebwa kana kwamba ni 80, rapa akatembea taratibu huku ngoma zinakimbia chini yake. Hapo ndipo utamu wa muziki huu ulipo mara nyingi: watu wawili ndani ya wimbo mmoja, kila mmoja na saa yake. Ukiweza kumwonyesha msomaji sekunde kamili ambapo saa hizo mbili zinakutana, umempa kitu ambacho alama 7 kwa 10 haiwezi kumpa.

Kisha maneno. Hapa mhakiki wa Nairobi hana kisingizio. MC Yallah hurap kwa Kiluganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Mhakiki wa ng'ambo asiyejua lugha hizo hulazimika kusifu ukali wa sauti na kuishia hapo, na hatumlaumu sana. Wewe ukifanya vivyo hivyo kwa mistari ya Sheng, hilo ni jambo jingine. Chagua baa nane, punguza kasi hadi 0.75 kwenye YouTube, uandike maneno yake kwa mkono. Lugha usiyoijua, tafuta mzungumzaji wake, wala usitegemee tafsiri ya mashine, ambayo hujikwaa vibaya kwenye lugha ya mtaani. Ukinukuu, mistari miwili inatosha. Mtumie msanii akuthibitishie tahajia. Halafu uliza kama maneno yana uzito sawa na sauti. Kizazi kilichokua na Kalamashaka, kundi la rap la Dandora, kina kipimo cha mistari, na ni halali kukitumia hata biti ikiwa imetoka sayari nyingine.

Historia ya hapa pia ina kazi yake. Mayowe ya Lord Spikeheart ndani ya Tewari yatakuchanganya ukimtafutia nasaba kwenye hip-hop pekee. Yeye na Sam Karugu ndio waliounda kundi la Duma, lililotoa albamu yake kupitia Nyege Nyege Tapes mwaka 2020, na walitokea kwenye bendi za metali (roki nzito ya mayowe na gitaa kali) za Nairobi. Sentensi moja kuhusu hilo inafafanua zaidi ya aya nzima ya vivumishi.

Ukishaandika rasimu, fungua sasa tahakiki za wengine, na usome wastani kwa jicho kali. Metacritic, tovuti inayokusanya tahakiki za majarida, hugeuza kila alama kuwa ya 0 hadi 100, huyapa majarida mengine uzito kuliko mengine, na haitoi wastani mpaka zipatikane tahakiki 4. Albamu nyingi za lebo ndogo hazifiki hapo. Jarida lisilotoa alama hukadiriwa na wafanyakazi wa tovuti wenyewe. Na hata bila uzito huo, 70, 70, 70 na 70 ni wastani wa 70. Vivyo hivyo 95, 90, 50 na 45. Ya kwanza ni albamu isiyomkera mtu. Ya pili imewagawa watu, na muziki wa majaribio huangukia huku mara nyingi. Soma ile ya 95 na ile ya 45 bega kwa bega uone kama zinabishania kitu kimoja. Mara nyingi mmoja anasifu biti na mwingine analalamikia sauti, kumbe hawakuwa wakisikiliza upande mmoja.

Mwisho, mduara wa muziki huu Nairobi ni mdogo. Utakutana na prodyuza Westlands wiki hiyo hiyo. Kama ni rafiki yako, au mliwahi kufanya kazi pamoja, sema hivyo kwenye aya ya kwanza. Ukilipwa na msanii, hilo ni tangazo na liandikwe tangazo. Kiungo cha kusikilizia kabla ya albamu kutoka usimpe mtu. Faili hizo mara nyingi huwa na alama fiche ya aliyetumiwa. Ukikosea jina la aliyetengeneza biti, na kwenye albamu ya watu sita utakosea siku moja, rekebisha ndani ya makala, uandike chini kilichobadilishwa pamoja na tarehe.