Shida ya mapigo ya moyo ikimpata mmoja, ndugu wote wapime

Mkuu mleta uzi, pole sana kwa kaka yako kukutwa na shida ya mapigo ya moyo. Umeuliza mambo mawili: kama wewe usiyejisikia chochote una sababu ya kupima, na imekuwaje daktari aseme ugonjwa ni wa kurithi wakati mama anaapa kwamba kwenu hakuna mgonjwa wa moyo. Nakujibu kwa yaliyotukuta sisi. Kwetu tuna QT ndefu, yaani hitilafu ya kurithi ya umeme wa moyo inayovuruga mapigo, na mimi ni mmojawapo wa walio nayo.

Kupima, pima. Wala usingoje dalili, kwa sababu kwenye magonjwa haya kuna watu ambao dalili yao ya kwanza ndiyo huwa ya mwisho.

Kuhusu mama, hadanganyi. Ameulizwa vibaya tu. Ukimuuliza mtu "nani kwenu ana ugonjwa wa moyo?" atawaza presha, mzee aliyevimba miguu, aliyeshikwa na maumivu ya kifua. Ugonjwa huu haufanani na hayo. Dada yangu alitibiwa kifafa kwa miaka na dawa hazikumsaidia. Halafu akiwa na mtoto mchanga, simu ikaita usiku, akashtuka, akainuka, akaanguka palepale. Safari hiyo tulimpata daktari aliyeagiza ECG (kipimo kinachochora umeme wa moyo) kabla ya kugusa habari za kifafa, na akaiona QT imerefuka.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukielewe. Daktari alichukua karatasi tupu, akamketisha mama, akaanza kuchora ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari wa mshazari kwa aliyefariki. Hakuuliza habari za moyo hata kidogo. Aliuliza nani alifariki ghafla akiwa kijana. Nani alizama majini ilhali alijua kuogelea. Kuna mtoto mchanga aliyelala akakutwa amekufa? Kuna aliyepata ajali akiendesha peke yake na hakuna anayejua ilitokeaje? Nani huzimia akikimbia, akishtuliwa au akikasirika? Nani anaitwa mgonjwa wa kifafa? Nani alizaliwa kiziwi?

Mama alikaa kimya, kisha akamtaja mdogo wake aliyeanguka kwenye mashindano ya mbio akiwa msichana, hakuinuka tena. Akamtaja na binamu wa "kifafa". Kwa miaka yote hiyo kila tukio lilikuwa na maelezo yake, na hakuna aliyewahi kuyaweka kwenye karatasi moja. Daktari akapitisha mstari kwenye duara la mama mdogo, na tukaanza kuona njia ambayo ugonjwa umepita.

Swali la uziwi lilinishangaza, lakini lina asili yake. Mwaka 1957 huko Norwei, madaktari Jervell na Lange-Nielsen walieleza familia yenye watoto viziwi waliokuwa wakizimia na baadhi yao kufa ghafla. Aina hiyo ni adimu na humpata mtoto aliyerithi hitilafu kwa baba na kwa mama. Aina isiyo na uziwi, ambayo ndiyo yetu na ndiyo ya wengi, ilielezwa na Romano nchini Italia mwaka 1963 na Ward nchini Ayalandi mwaka 1964. Hiyo hurithiwa hata kwa mzazi mmoja. QT ndefu inakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 2,000, kwa hiyo haikuanza na ninyi.

Sasa tatizo lenyewe ni nini? Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme. Seli za moyo zikishajikaza zinatakiwa kujichaji upya kabla ya pigo linalofuata, na kazi hiyo inategemea vijia vidogo vinavyopitisha madini kama potasiamu. QT kwenye karatasi ya ECG ni muda wa kukaza mpaka kumaliza kujichaji. Jeni inayotengeneza vijia hivyo ikiwa na hitilafu, kuchaji huchelewa, na pigo likiingia kabla ya wakati wake moyo unaweza kuvurugika ukawa unatetemeka bila kusukuma damu. Ubongo hukosa damu ndani ya sekunde chache, mtu anaanguka, na mara nyingine anajirusharusha. Ndipo watu wanaposema kifafa. Mara nyingi moyo hujirudi wenyewe na mtu akaamka. Siku usipojirudi, ni kifo. Nyama ya moyo haina kasoro, ndiyo maana picha ya ultrasaundi huwa safi, na hata uchunguzi wa maiti unaweza usionyeshe kitu.

Kichocheo hutegemea jeni. Wenye hitilafu kwenye KCNQ1 hupata shida zaidi wakitumia nguvu, hasa wakiogelea. Wa KCNH2, kama sisi, adui ni sauti ya ghafla na mshtuko, na kwa wanawake miezi baada ya kujifungua ni ya hatari zaidi. Wa SCN5A mara nyingi hupatwa wakiwa wamepumzika au wamelala. Nje ya QT ndefu kuna ugonjwa mwingine wa umeme wa moyo uitwao Brugada, ulioelezwa mwaka 1992 na ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada; huwaathiri zaidi wanaume, na homa kali inaweza kuuamsha. Kuna pia ule unaojitokeza mtu anapokimbia au anapopatwa na hisia kali, ambao mara nyingi hutokana na jeni ya RYR2. ECG ya mtu aliyelala kitandani haiuonyeshi, ni lazima apimwe akiwa kwenye mazoezi. Kwa hiyo muulize kaka ameambiwa ni upi hasa. "Mapigo ya moyo" peke yake haitoshi.

Kwenye hesabu ya urithi watu huchanganyikiwa sana. Mzazi mwenye hitilafu kwenye nakala moja ya jeni anampa kila mtoto uwezekano wa asilimia 50, na kila mimba ni bahati mpya. Haimaanishi kwamba kwa kuwa kaka amepata, wewe umepona. Wala hairuki kizazi: ambaye hakuirithi hawezi kuwarithisha wanawe. Inaonekana kuruka kwa sababu wapo wanaoibeba maisha yote bila kuzimia hata siku moja. Mama yetu ni mmoja wao. Ametupa mimi na dada, mdogo wetu wa kiume hana. Halafu zingatia hili: takribani robo ya wenye jeni ya QT ndefu, ECG yao ya kawaida husoma sawa. Ukipimwa mara moja ukaambiwa "moyo wako mzima", usifunge faili.

Utaratibu ulio bora ni kuanza na mgonjwa. Kaka ndiye apimwe jeni kwanza. Kwenye QT ndefu, kama familia tatu kati ya nne hupata jeni inayohusika. Kwenye Brugada ni chini ya theluthi. Ikipatikana, ninyi wengine mnapimwa sehemu hiyohiyo tu na jibu ni unayo au huna. Asiye nayo anaondoka na amani, na watoto wake pia. Isipopatikana, ndugu wa damu wa karibu hufuatiliwa kwa ECG za kurudiarudia na kipimo cha mazoezi. Maabara wakisema wameona badiliko wasilolielewa maana yake, hilo lisitumike kumwambia yeyote kwamba ni mzima au mgonjwa.

Najua baadhi ya ndugu watakataa. Mtu mzima ana haki ya kutotaka kujua, na sikulazimishi umfuate mlangoni kwake. Ila watoto wake nawahesabu tofauti, kwa sababu QT ndefu huanza kuua utotoni na dawa zipo. Hapo ningesema mpaka nisikike.

Maisha baada ya majibu yanaendelea vizuri tu. Mimi na dada tunameza nadolol, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, kila siku (wengine hupewa propranolol, mwenye pumu amwambie daktari mapema), na dawa hizi haziachwi ghafla. Baadhi ya watu hupandikizwa kifaa kifuani cha kuushtua moyo ukivurugika, hasa aliyewahi kusimama moyo au anayeendelea kuzimia akiwa kwenye dawa. Kubwa kwetu ni orodha ya dawa za kukwepa. Erithromaisini, klarithromaisini, flukonazoli, haloperidoli na hata klorokwini hurefusha QT. Orodha ipo kwenye simu ya kila mmoja wetu, na mtu hapokei dawa dirishani kabla ya kuionyesha. Kuhara au kutapika sana kunashusha potasiamu, kwa hiyo tunakwenda hospitali mapema. Saa ya kengele chumbani kwa dada iliondolewa. Na nyumba nzima tumejifunza kukandamiza kifua, hata mtoto mkubwa wa dada anajua.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni mama. Alijiona ndiye aliyemuua mdogo wake na kuwaharibu wanawe, na maneno yetu hayakumwingia. Kilichomsaidia ni daktari kurudi kwenye ile karatasi na kumwonyesha kwamba hitilafu ilikuwapo kabla yake, yeye naye alipewa. Mama yenu akianza kuzungumza, mwandalieni mtu wa kumwambia hayo.

Kwa hiyo wiki hii kaeni naye, muulizeni maswali ya yule daktari, upande wa baba pia, na muandike majina na umri. Ukienda kupima, beba hiyo karatasi pamoja na nakala ya ECG ya kaka na jina la jeni kama limeshapatikana. Na kama umewahi kuzimia hata mara moja ukasema ni njaa au jua, litaje siku hiyo. Majibu ya kaka yakitoka, yaweke hapa tuyasome pamoja.