Je, mamlaka yanatoka kwa Mungu au kwa wapiga kura?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Katika kikundi chetu cha maombi kumezuka ubishi. Ndugu mmoja anasema Mkristo hapaswi kupiga kura, kwa sababu Warumi 13:1 inasema "hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu", wakati demokrasia inafundisha kwamba mamlaka yanatoka kwa wananchi. Kwake, kushiriki ni kumkana Mungu. Je, ni kweli? Na watu wakimchagua mwovu, tuseme Mungu ndiye aliyemweka? Na mimi nisiyemkubali aliyeshinda, nina wajibu gani kwake?

JIBU: Amina, mpendwa. Ndugu yako ameushika ukweli mmoja kwa nguvu mpaka wa pili ukamponyoka. Kabla ya kwenda Warumi, twendeni kwanza Hebroni, mji alikoanzia Daudi kutawala.

Daudi alipakwa mafuta na Samweli angali kijana wa kuchunga kondoo (1 Samweli 16). Mungu mwenyewe alisema, huyu ndiye. Kama yupo mtu aliyekuwa na haki ya kuwaambia watu, "Mimi nimewekwa na Mungu, ninyi nyamazeni," ni yeye. Sauli, mfalme aliyemtangulia, alipokufa, watu wa Yuda walimjia wakamtia mafuta awe mfalme wao, naye akawatawala wao peke yao kwa miaka 7 na miezi 6. Vita vilikuwapo kati ya nyumba yake na nyumba ya Sauli, hilo hatulifichi. Lakini soma jinsi alivyofika kwenye kiti cha Israeli yote: wazee wa makabila walimwendea Hebroni, akafanya nao agano mbele za BWANA, ndipo wakamtia mafuta (2 Samweli 5:3). Angalia mpangilio wa mstari huo. Agano limetangulia, mafuta yamefuata. Mteule wa Mungu alingoja watu wakubali, kisha akajifunga kwa ahadi mbele yao.

Basi Maandiko hayaoni ugomvi pale ndugu yako anapouona. Mamlaka yanatoka kwa Mungu, na mara nyingi Mungu huyapitisha katika kukubali kwa watu. Musa naye aliwaambia Israeli wajichagulie watu wenye akili na fahamu, wanaojulikana katika kabila zao, ndipo awaweke kuwa vichwa (Kumbukumbu 1:13). Kanisa la kwanza lilifanya vivyo hivyo kwa wale 7 wa Matendo 6: ndugu walichagua, mitume wakawawekea mikono. Ridhaa ya watu ni mlango. Chemchemi iko kwingine.

Hapo ndipo tunapoachana na demokrasia isiyomtambua Mungu, na sipendi tupapite haraka. Azimio la Uhuru la Marekani la 1776 linasema serikali hupata mamlaka yake ya haki kutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa, ila kabla ya hapo limesema haki za watu zimetoka kwa Muumba. Tangazo la haki la Ufaransa la 1789, kifungu cha 3, linaweka asili ya mamlaka yote katika taifa. Sentensi hizi mbili zinafanana, lakini zina uzito tofauti. Ukisema watu ndio chanzo chenyewe, na juu yao hakuna kitu, utamjibu nini mnyonge siku wengi watakapopiga kura kumdhulumu? Nchi nyingi zimelihisi tatizo hili, ndiyo maana katiba zao huweka haki ambazo hata wingi wa kura hauruhusiwi kuzigusa. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito. Hata asiyemtaja Mungu anajikuta akitafuta kitu kilicho juu ya hesabu ya kura. Torati ilishasema: "Usiandamane na mkutano kutenda uovu" (Kutoka 23:2).

Mji wa Shekemu unatuonyesha pande zote za jambo hili. Yoshua aliwakusanya makabila hapo akawaambia wachague watakayemtumikia, wakamchagua BWANA, naye akasimamisha jiwe kubwa chini ya mwaloni liwe shahidi (Yoshua 24). Baadaye watu wa mji uo huo walimpa Abimeleki, mwana wa Gideoni, vipande 70 vya fedha kutoka hekalu la mungu wao Baal-berithi. Akaajiri wahuni, akawaua ndugu zake 70 juu ya jiwe moja, akabaki mdogo wao Yothamu tu, aliyejificha. Kisha wakamtawaza Abimeleki kwenye mwaloni ulioko Shekemu (Waamuzi 9). Kila nisomapo mstari huo namkumbuka Yoshua na jiwe lake. Watu walikubali, hakuna aliyewalazimisha, fedha ilikuwa yao. Je, kukubali kwao kuliisafisha damu ile? Baada ya miaka 3 mji na mfalme waliangamizana.

Mara ya tatu pale Shekemu ni Rehoboamu. Alikuwa mrithi halali, mwana wa Sulemani, lakini ilimpasa kwenda Shekemu ili Israeli wamfanye mfalme (1 Wafalme 12). Watu walimwomba neno moja, awapunguzie nira ya baba yake. Wazee walimshauri awe mtumishi wa watu hao, nao watamtumikia siku zote. Akalidharau shauri lao, akawajibu watu kwamba baba yake aliwapiga kwa mijeledi, bali yeye atawapiga kwa nge. Makabila 10 yakaondoka. Alipokusanya jeshi kuwarudisha kwa nguvu, Mungu alimzuia kupitia nabii Shemaya: msipigane na ndugu zenu, jambo hili limetoka kwangu. Kwa hiyo mtawala anayetumia Warumi 13 kuziba midomo ya wanaolia chini ya nira, na asome sura hiyo ya Wafalme. Lakini tusiishie hapo tukawasifu waliotoka. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, na bado yule waliyemchagua, Yeroboamu, aliwatengenezea ndama za dhahabu Betheli na Dani.

Swali lako la pili sasa. Israeli walipodai mfalme, Mungu alimwambia Samweli: "Isikilize sauti ya watu hawa." Papo hapo akaongeza, "hawakukukataa wewe, bali wamenikataa mimi" (1 Samweli 8:7). Aliwapa walichotaka, na akakiita dhambi. Katika Hosea 8:4 analalamika kwamba wamejiwekea wafalme bila shauri lake. Kwa hiyo aliyechaguliwa hawi juu ya uwezo wa Mungu, lakini usiseme Mungu amependezwa naye kwa kuwa tu ameshinda. Na sisi tuliomchagua tutatoa hesabu ya kura yetu. Ndiyo sababu namsihi ndugu yako apige kura kwa hofu ya Mungu, akizitazama sifa ambazo Yethro, mkwewe, alimtajia Musa: watu wawezao, wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu (Kutoka 18:21). Asikae nyumbani akadhani kukaa kwake ni utakatifu.

Kuhusu mtawala usiyemkubali: mtii katika yaliyo halali, mlipe kodi yake, mkosoe kwa heshima. Akikuamuru kumwasi Mungu, "imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu" (Matendo 5:29), nawe uwe tayari kuyabeba matokeo kama mitume walivyobeba fimbo. Tena mwombee. Paulo alimwagiza Timotheo kuwaombea wafalme na wote wenye mamlaka (1 Timotheo 2:1-2), na Kaisari aliyekuwa Rumi hakuna mtu katika kanisa lile aliyewahi kuulizwa kama anamtaka.