Kukataza kwa Kihispania: neno "no" linapogeuza maana

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea kazi ya kuongoza watalii na nimeanza kujifunza Kihispania. Niliandika "El guía nos prohíbe que no bajemos del coche", nikikusudia kusema kwamba mwongozaji anatukataza tusishuke garini. Mwalimu alilikata neno "no" kwa wino mwekundu bila maelezo. Kosa langu ni lipi? Na je, ni adabu kuwaambia wageni "les prohíbo" ("nawakataza")? – Msomaji, Arusha.

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu wako yuko sahihi, na kosa lako limetokana na Kiswahili chako safi. Sisi tunaposema "mama amenikataza nisitoke", tunakataza kisha tunakanusha, wala hakuna anayetatizika. Katika Kihispania, katazo lote limo ndani ya kitenzi "prohibir", na kinachofuata ni tendo lile linalokatazwa, bila kikanushi. Ukiongeza "no", msikilizaji ataelewa kwamba kinachokatazwa ni kutoshuka, yaani abiria wote wanapaswa kushuka. Na mbele ya simba hilo si kosa dogo la sarufi.

Sentensi yako inaweza kusahihishwa kwa njia mbili. Ukibakiza "que", kitenzi kinachofuata huwa katika hali ya dhamira ("subjuntivo"), umbo linalofanana na letu la "tushuke": "nos prohíbe que bajemos". Katazo likiwa la wakati uliopita, nacho hubadilika: "nos prohibió que bajáramos". Njia ya pili ni kutumia kitenzi-jina bila kihusishi chochote katikati: "nos prohíbe bajar", "nos prohibió bajar". Kwa anayeanza ningependekeza hii ya pili, kwa sababu "bajar" haibadiliki hata wakati ukibadilika. Anayekatazwa, akiwa nafsi ya tatu, hutajwa kwa "le" au "les", si "lo" wala "los".

Katika maandishi, angalia pia alama ya mkazo: "prohíbo", "prohíbes", "prohíbe" na "prohíben" huwa nayo, lakini "prohibimos" haina. Herufi "h" haitamkwi, kwa hiyo alama hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba "i" ina mkazo na inasimama kama silabi yake.

Kwenye mabango utakutana na "Prohibido fumar" au "Se prohíbe fumar", ambayo muundo wake haupishani sana na "Ni marufuku kuvuta sigara". Nchini Hispania sigara imepigwa marufuku ndani ya baa na mikahawa tangu tarehe 2 Januari 2011. Katazo likihusu nomino, upatanisho wa jinsia huzingatiwa: "Prohibido el paso" (marufuku kupita), lakini "Prohibida la entrada" (marufuku kuingia), kwa kuwa "paso" ni nomino ya kiume na "entrada" ni ya kike. Aliyekulia katika ngeli zetu hatalalamikia hilo.

Kuhusu adabu, "les prohíbo" ni sahihi kisarufi, ila ni kauli ya mzazi kwa mtoto au ya mkuu kwa walio chini yake, na mgeni aliyelipia safari yake anaweza kuudhika. Iache kanuni ya hifadhi iseme kwa niaba yako: "Está prohibido bajar del coche". Ukitaka upole zaidi, sema "Aquí no se puede bajar" (hapa haiwezekani kushuka). Mkifika mahali palipotengwa kwa chakula cha mchana, waambie "Aquí sí se puede bajar", nao watashuka.